Aliyelipa Faini ya Mfalme

"Miye nilikupatia kijiti, sikukuambia ukichome!"

"Na mimi ningejuaje si udi, Papa Gaston? Kikavu, kizee, kimevikwa kitambaa kama mwali! Si wewe uliyesema, 'Mama Zubeda, beba fimbo yako ya moshi, uliisahau'?"

Gaston, fundi cherehani wa Lubumbashi, alisimama mlangoni kwake, futi ya kupimia shingoni. Zubeda wa Tanga alisimama mlangoni kwake, mwiko mkononi. Kati yao ilikuwepo korido ya ghorofa ya nne, Joubert Park, Johannesburg, ambayo kwa miaka sita ilikuwa kama sebule yao moja. Kila mchana Zubeda aliuza wali kwa maharage na samaki humo ndani mwake: walinzi waliotoka zamu, wasusi, wauza simu, na maneno ya mji mzima yakichemka pamoja na nazi. Ukitaka kujua nani kaachwa na nani kaoa wa pili, bei yake ilikuwa sahani moja tu.

Leo saa saba imefika, hakuna hata wa dawa.

"Alhamisi walikula ishirini," Zubeda alisema. "Jana wawili. Leo hata nzi wamenisusa. Nyumba hii isipojaa, Papa Gaston, mwezi ujao sina nyumba."

Sababu waliijua wote wawili. Ilianza Alhamisi ile ile, siku yake ya kufukiza. Kijiti kiliwaka chetezoni bila harufu ya udi. Kilinuka matope, na ng'ombe walionyeshewa na mvua. Kesho yake mchana, wali ukipakuliwa, mvuke wa sufuria ulianguka sakafuni kama kanga iliyokatikiwa kamba. Mlangoni akawa amesimama mzungu wa makamo, nguo nyeusi, kola pana nyeupe, buti zikichuruzika tope, na Johannesburg haijaona tone la mvua tangu Aprili. Akanyoosha kiganja kitupu. Vidole vyake vilikuwa vimechanjwa alama, moja kando ya nyingine, kama mtu anavyohesabia juu ya ubao. Damu hakuna. Mlinzi mmoja, jitu la Bukavu lisiloogopa majambazi wenye bastola, alimwacha samaki mzima sahanini.

Tangu hapo alikuja kila mchana. Na kila asubuhi Zubeda alikuta alama zile zile zimechongwa kwenye mti wowote wa nyumba yake: kwanza kibao cha chapati, halafu mbuzi ya kukunia nazi, halafu fremu ya mlango.

"Tazama za leo," akasema, akamnyooshea Gaston kidole gumba. Zilikuwa tatu, juu ya ukucha. "Mti umemwishia. Sasa ananianza mimi."

Gaston akaacha kubisha. Akamwita binti yake Héritière, anayesoma historia chuo kikuu. Kijiti aliazimwa yeye na mwalimu wake, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza ambao baba yake alikuwa akiushonea nguo; Gaston alikikuta kati ya vitambaa, akadhani ni udi wa Zubeda.

"Tantine, usinicheke," Héritière alisema. "Uingereza, kama miaka mia nne nyuma, kulikuwa na mfalme aliyefilisika. Bunge lilimuuliza maswali mengi, akalifunga, akaanza kusaka pesa bila kumuuliza mtu. Akafukua sheria ya kale: mwenye shamba la kutosha alipaswa kwenda siku mfalme anapotawazwa, akapewe cheo. Ambaye hakwenda, faini."

"Faini ya kutokwenda sherehe?"

"Na sherehe yenyewe ilishapita miaka minne."

"Loo! Kumbe Tanga tuna ndugu zetu huko."

"Ukilipa, hazina inachonga kijiti alama za pesa zako, wanakipasua kati. Nusu yao, nusu yako. Ndiyo risiti. Ukikosa nusu yako, wanaweza kukurudia."

Zubeda akakaa juu ya ndoo. "Kwa hiyo hakuja kudai."

"Hapana. Anataka kuonyesha risiti yake, nayo imeungua."

Gaston, mtu wa kazi za mikono, hakusubiri. Alivunja henga ya mbao ya kutundikia nguo, akaichonga alama mbio mbio. Yule mtu alipotokea, akampa. Mgeni akakilaza kile kijiti kando ya vidole vyake, alama kwa alama. Hazikukutana. Kikadondoka, na baridi ikapanda kutoka sakafuni hadi magotini mwao.

"Eish," Gaston akarudi nyuma. "Huyu hadanganyiki."

Midomo ya mgeni ikacheza. Héritière akanong'ona: "Anasema, nililipa."

Maneno Zubeda hakuyaelewa, lakini sauti aliijua. Kila mtu wa jengo lile aliwahi kuitoa mbele ya dirisha fulani, siku karatasi imepotea na si yeye aliyeipoteza.

Ndipo akamkumbuka bibi yake, mshika fedha wa kikundi cha ngoma. Mwanamke mwenye faini hakuruhusiwa kutia mkono kwenye sinia. Na mtu akidaiwa asichodaiwa, hawakuhangaika na karatasi: sinia liliteremshwa, akaitwa, akala mbele ya macho ya watu. Imekwisha. Nani angemdai tena?

"Papa Gaston, gonga kila mlango," akasema. "Waambie leo bure. Nataka macho."

Wakaja, mmoja mmoja, wakipita ukutani ukutani mbali na zile buti, hadi chumba kikajaa wasusi na walinzi wasiothubutu kupumua. Zubeda akatandika mkeka, akaweka sinia, akawasogeza watu magoti mpaka nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. Kisha akaenda mlangoni, meno yakigongana, akasimama mbele ya kile kiganja.

"Ni mimi niliyekichoma," akamwambia. "Ulilipa. Mimi shahidi, na hawa wote." Akashika birika la maji ya kunawa, akaliinamisha juu ya vidole vile vyenye alama. "Nawa, baba. Karibu ndani, tule."