Besi Nyuma ya Pazia

Wynell Kubena alikuwa na miaka sitini na nane, albamu kumi na moja, talaka mbili na kitabu kimoja. Kitabu ndicho kilichomletea balaa.

Sura ya tano ilisimulia Jumapili moja ya mwaka 1969, kwenye ukumbi wa dansi wa kwao Novina, Texas. Mwenye ukumbi, mzee Janak, alisema Mmeksiko hapandi jukwaani kwake. Basi Chano Treviño, mpiga besi wa Wynell, akapiga saa tatu nzima nyuma ya pazia. Watu walicheza kwa besi yake bila kumwona. Wynell alisimama mbele na gitaa lake, ana miaka kumi na minane, akaimba, na kuhusu lile pazia akanyamaza. Hilo nalo aliliandika. Kisha akalitungia wimbo.

Sasa ukumbi ulikuwa unatimiza miaka mia, na mwenyekiti wake alikuwa Ervin Janak, mtoto wa yule mzee.

"Imba zile za zamani," Ervin alimwambia mchana wa sherehe, akimpa sahani ya nyama ya kubanika. "Ule wa Chano uache nyumbani."

"Nyumbani kwangu hakuna sakafu ya dansi."

"Wynell, baba amekufa. Hawezi kujitetea."

"Na Chano amekufa. Alipokuwa hai mlimpa pazia."

Ervin akafuta mikono. "Haya, imba. Lakini kengele ninayo mimi."

Novina wimbo huhukumiwa kwa miguu. Ubeti wa kwanza ukiisha na sakafuni hakuna hata jozi moja ya wachezaji, kengele iliyo juu ya baa hugongwa na bendi hukata wimbo papo hapo, hata awe nani anayeimba. Wynell alishagongewa mara mbili maishani na hakununa. Wimbo huu hakuwa tayari kugongewa. Ndiyo maana aliutunga kwa mwendo wa walsi, dansi ya kuzunguka wawili wawili, maana mtu wa Novina akisikia walsi huinuka hata kama kiatu kimoja kiko chini ya meza.

Alipouanza, watu wakainuka kweli. Jozi kumi zikaanza kuzunguka. Kisha Wynell akaimba mstari wa tatu, wenye jina la Chano na pazia.

Jozi moja ikasimama, halafu nyingine. Mwanamume mwenye kofia akamshika mkewe kiwiko, wakatoka nje kuelekea kwenye magari. Wengine wakawafuata. Sakafu ikabaki tupu, na ubeti ulikuwa umebakiza mstari mmoja. Ervin akashika kamba ya kengele.

Kwenye benchi la nyuma akainuka Amparo, mjane wa Chano, na mkoba wake begani. Akaenda hadi katikati ya sakafu, akasimama na kunyoosha mikono kana kwamba ameshika mtu.

"Mmoja si jozi!" Ervin akapaza sauti. "Sheria ni sheria, mama!"

"Basi nisubirini mimi," sauti ikasema mezani.

Alikuwa Albina Janak, mama yake Ervin, miaka themanini na tisa. Aliweka andazi lake la plamu chini, akajipangusa sukari, akaja polepole akiburuta mguu mbovu. Wanawake kucheza pamoja si ajabu Novina. Ajabu ilikuwa wanawake hawa wawili.

"Mama, kaa chini!"

"Ivute hiyo kamba, Ervin, halafu utafute pa kula leo." Akamshika Amparo kiunoni. "Lile pazia nililishona mimi. Unajua?"

"Najua," alisema Amparo. "Lilikuwa na maua. Usinikanyage."

Wakazunguka, vibaya na kwa ukaidi. Wynell akaimba ubeti wa pili, na wa tatu, na wa nne, ule unaomtaja yeye mwenyewe na mdomo wake uliofungwa. Hakuruka hata neno. Ervin alisimama na kamba mkononi mpaka mwisho.

"Haya, umeshaimba," akasema kwa hasira. "Sasa piga polka, watu warudi."

"Bado."

Wynell akashuka jukwaani na gitaa lake. Madirisha ya ukumbi ule ni mbao zinazosukumwa nje na kuegemezwa kwa fimbo. Akasukuma la kwanza, la pili, yote ya upande wa magari, kisha akageukia bendi yake.

"Toka mwanzo," akasema. "Waliotoka hawajausikia wote."