Mvua ya Juni

Shuleni Masasi, Halfani hakuwahi kulala peke yake. Bweni lilijaa vitanda vya juu na chini, wavulana wakikoroma kwa zamu kama walinzi, na lile joto lililowekwa akiba mchana kutwa na milima ya mawe liliingia kulala nao bila kumuuliza mtu kidato chake. Huko alikuwa mtu mwenye cheo. Ni yeye aliyeivisha kengele ya shule soksi, shule nzima ikachelewa kuamka, mwalimu wa zamu akiwemo. Ni yeye aliyebandika tangazo, kwa lugha safi ya kiofisi, kwamba mkaguzi wa kucha za miguu angefika Jumatatu. Jumapili jioni bombani palikuwa na foleni ya watu wanaosugua visigino.

Kisha ikaja likizo ya Juni, naye akapanda basi kwenda juu, Newala, nyumbani kwa mama yake, ambako mama yake hakuwepo.

Bi Hamida alikuwa Maskati, akimtunza kizee mmoja na nyumba yenye vyumba asivyovimaliza kuvifagia. Baba alikuwa Lupaso kwa mke mwingine na mikorosho yake, na mapenzi yake kwa Halfani aliyatuma kwa makondakta: "Mwambie namsalimia." Nyumba ya Newala ilibaki na tangi tupu la maji ya mvua, kitanda kimoja kilichotandikwa, na ukungu ulioingia dirishani kila asubuhi bila kupiga hodi. Jioni jirani yao, Mama Yoeli, alimletea ugali wa muhogo, akamuuliza kama hajambo, akarudi kwake.

Halfani alijaribu kuendelea na kazi yake. Alimficha jogoo wa Mama Yoeli ndani ya tangi. Jogoo akawika humo kama spika ya mkutano wa hadhara, lakini Mama Yoeli alikuwa shambani, hakuna aliyesikia. Halfani akacheka. Kicheko kikagonga ukuta, kikamrudia mwenyewe. Akamtoa jogoo, akamtaka radhi. Mzaha ni kama kinu na mchi: kimoja peke yake ni kuni tu.

Kilichobaki ni laptopu. Mama yake ndiye aliyeituma, imekwisha kutumiwa na watoto wa tajiri wake mpaka herufi nyingine zimefutika. Simu ya Bi Hamida haikuwa na laini, ilitegemea waifai ya nyumba ile. Na Halfani naye alikuwa na kitochi tu cha kupigia watu wa karibu. Kila Ijumaa ya likizo, baada ya swala, matajiri walipotoka kutembea, mama alipiga, Halfani akachomeka modemu, na nyuso mbili zikaonana hadi karibu na magharibi. Ule ndio mlango pekee uliokuwa kati yao.

Mlango wenyewe ulikuwa na kelele. Feni ya laptopu ile ilivuma kama mashine ya kubangua korosho. Likizo ya Desemba mama alikuwa ameuliza, "Hiyo inayolia ni nini? Mvua?" Halfani, ambaye ulimi wake huamka kabla ya akili, akajibu, "Ndiyo mama, mvua."

Uso wa mama ulibadilika. Mtu aliyekulia Newala, ambako wanawake walishuka bondeni kutafuta maji na kupanda na ndoo kichwani, hasikii neno hilo akabaki alivyokuwa. "Kakinge maji!" alisema, kisha akafumba macho, akasikiliza.

Ijumaa ya kwanza ya Juni feni ikavuma tena.

"Mvua?" mama aliuliza. "Juni?"

"Mabadiliko ya tabianchi, mama," alisema Halfani kwa huzuni ya mtaalamu.

"Basi kakinge maji." Akafumba macho tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

Uongo wa Desemba ulikuwa utani. Huu wa Juni haukumchekesha hata Halfani mwenyewe. Akaona heri feni ifunge mdomo kabla haijatoa ushahidi. Akampigia Nurdin, jirani yake wa kitanda cha chini bwenini, ambaye kwao Masasi kaka yake alitengeneza kompyuta. Nurdin akamwelekeza pa kupata programu ya kuendesha feni.

"Humo kuna mchoro," Nurdin alisema. "Unaonyesha joto na kasi ya feni. Wewe unavuta mstari. Joto likipanda, feni nayo ipande. Ila usiulaze mstari, ndugu yangu."

"Nikiulaza?"

"Utakuwa na pasi ya kunyooshea nguo, yenye herufi."

Halfani akaulaza. Hiyo ilikuwa Newala, mwezi wa sita, mtu akipumua anatoa moshi. Joto gani la kuogopwa? Aliuvuta mstari ukalala chini kama nyoka aliyeshiba. Feni ikanyamaza.

Nyumba nayo ikanyamaza. Akasikia saa ya ukutani ambayo hakujua kama bado inatembea. Ilimpitia akilini kwamba alikuwa amemfukuza mtu.

Ijumaa ilipofika kulikuwa na baridi ya kutafuna masikio. Basi Halfani akafanya jambo ambalo mtu wa Masasi hawezi kulifikiria hata kwa homa: aliingia kitandani mchana, akajifunika mablanketi mawili, na laptopu akaipakata humo humo tumboni, maana ilikuwa na vuguvugu zuri kama la mtu. Kichwa tu na kioo ndivyo vilivyochungulia nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo kimya." Mama alitega sikio. "Mvua imekatika?"

"Imekatika."

"Aa." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Sikiliza. Wakala aliyenileta huku kazini anakuja kesho asubuhi na mkataba mpya. Miaka miwili mingine. Nikisaini, nimesaini. Nikikataa, tiketi yangu ya kurudi ipo. Wewe sasa mtu mzima, una ndevu tatu. Niambie wewe. Nikae, au nirudi?"

Halfani akafumbua mdomo. Utani ulikuwa tayari: ukirudi, nani atanitumia tende? Lakini chini ya utani kulikuwa na neno jingine, fupi, nayo mawili yakagongana kwenye koo, hakuna lililopita. Akabaki mdomo wazi, macho yametulia kwenye kioo.

"Halfani?"

Kimya.

"Halfani, usinigandie!"

Maana huo ndio uliokuwa utani wake maarufu. Katikati ya mazungumzo hukaza uso, hatikisi kope, mpaka mama amalize kuutukana mtandao, ndipo yeye humkonyeza.

"Si leo," mama alisema, na sauti ikapungua. "Nakuuliza jambo la maisha, wewe unanigandia?"

"Ma..."

Kioo kikawa cheusi.

Ndipo aliposikia tumbo linaungua. Akatupa mablanketi, akaiwasha laptopu. Ikawaka, ikaonyesha picha ya mwanzo, ikazimika. Akaiwasha tena. Ikazimika mapema zaidi. Akachukua kitochi.

"Umeiweka wapi?" aliuliza Nurdin.

"Kwenye blanketi."

"Juu ya blanketi?"

"Ndani."

Nurdin alirudia kama mtu anayepewa taarifa ya msiba. "Ndani ya blanketi. Na mstari umeulaza."

"Kuna baridi, Nurdin!"

"Ninyi watu wa juu! Huku sisi shuka lenyewe tunaliona adui, wewe unaatamia kompyuta. Ulitaka itotoe nini?"

"Nisaidie. Mama anasaini kesho. Anadhani namtania."

Utani wa Nurdin ukakatika. Tangu kidato cha kwanza hakuwahi kupokea kwa Halfani sentensi isiyo na mzaha, na hakujua aishike wapi.

"Haya," alisema hatimaye. "Itoe nje ipate upepo. Inyanyue, hewa ipite chini. Usiiwashe mpaka tumbo lake lipoe kabisa. Ikiwaka, kabla ya kitu chochote, vuta ule mstari juu. Wote, mpaka mwisho. Itapiga kelele."

"Najua itapiga kelele."

Jikoni palitundikwa bati la mama la kukaangia korosho, lililotobolewa matundu kwa msumari. Halfani akaliweka barazani juu ya matofali mawili, akailaza laptopu juu yake, akakaa pembeni. Upepo ulipanda kutoka bonde la Ruvuma, ukapita kwenye matundu. Jua lilikuwa linashuka. Matajiri wa Maskati walikuwa mahali fulani wanakunywa kahawa ya mwisho.

Mama Yoeli akapita na jembe begani.

"Unaanika kompyuta, Halfani?"

"Naam. Shikamoo mama."

"Marahaba. Haijakauka?"

"Bado kidogo."

"Na bati la korosho la Hamida! Akirudi atakuua."

"Na arudi aniue," alisema Halfani.

Mama Yoeli alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Ukimpata, mwambie namsalimia," alisema, akaenda.

Chuma kilipopoa hata kikamuuma kiganja, akaiwasha. Ikawaka, ikatulia. Akaufungua mchoro, akauvuta mstari mpaka juu kabisa, na feni ikaanza kuvuma barazani, ikajaa uani. Akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

Mama akapokea akiwa amesimama jikoni. "Umemaliza mzaha wako?"

"Haukuwa mzaha, mama. Ilizimika kwa joto."

"Joto! Newala! Juni!"

Halfani akaona kwamba ukweli, ukitoka kinywani mwake, huvaa nguo za uongo. Hakuwa na nguo nyingine za kuuvika.

Lakini mama hakuendelea kufoka. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Inanyesha," alisema polepole.

Halfani akaanza kujibu.

"Usinijibu. Najua ni feni. Nimejua tangu Desemba. Mvua ya kweli huanza na tone moja moja, inakuja, inageuka na upepo. Hiyo yako inanyesha mstari mmoja kama mashine ya kukoboa."

"Sasa mbona ulisema nikakinge maji?"

"Huku hakuna paa la bati la kupigwa na mvua, mwanangu. Nyumba nzima saruji, na madirisha hayafunguliwi. Ijumaa iliyopita nilisikiliza, nikafagia vyumba vyote sikuchoka. Leo nimekuta umeizima. Nikasema, haya, mtoto amenichoka."

"Mama, rudi."

Lilitoka peke yake, fupi, bila mkia. Halfani akasimama akingoja kuona kama litaaminiwa. Mama akasogeza uso kwenye kamera mpaka likabaki jicho moja.

"Umeganda?"

"Sijaganda."

"Pepesa macho."

Akapepesa, na alichokuwa amekizuia humo kikadondoka, wala hakikuweza kusingiziwa mtandao.

Mama akavuta pumzi. "Na ada yako?"

"Tutauza jogoo."

"Jogoo gani?"

"Wa Mama Yoeli."

Mama alicheka, akafunika mdomo kwa kanga asisikike. "Kesho nitamwambia wakala anipe tiketi yangu," alisema. Nyuma yake mlango ukafunguliwa, mtu akaita. "Wamerudi. Nenda kakinge maji."

Picha ikapotea.

Halfani hakuizima laptopu. Aliiacha ivume kwenye bati la korosho, akaingia ndani, akatoka na ndoo mbili, akazipanga chini ya mfereji wa paa. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa baridi, haina wingu lenye nia yoyote.

Mama Yoeli akatokea na sahani ya ugali iliyofunikwa.

"Unakinga nini tena?"

"Mvua, mama."

"Juni hii?"

"Nimeagizwa na mama. Na anakusalimia. Anarudi."

Mama Yoeli akatazama mbingu, akatazama mashine inayovuma, akatazama ndoo. Akaweka sahani barazani. Kisha akainama, akaisogeza ndoo ya pili kidogo, ikakaa sawasawa chini ya mdomo wa mfereji.