Kipimo cha Kidole

Waliokuwepo katika ofisi ya gereji alasiri hiyo ni hawa: mwenye gereji; mkewe, ambaye ndiye mtunza stoo; shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye fundi wa injini; mjomba wao, aliyeitwa kusuluhisha; na dada mkubwa wa mwenye gereji, dereva wa basi dogo la familia lililokodiwa kupeleka watoto shuleni. Msimamizi wa watoto ndani ya basi hakuwepo. Alikuwa amelazwa, nyonga imevunjika.

Dada mtu alikataa kuketi.

"Nina swali moja tu. Ile roda ya kukazia mkanda wa taimingi, safari hii mmeweka mpya?"

"Ni ileile ya zamani. Tumeipangusa grisi tukairudisha," ilijibu sauti ya mwenye gereji.

Midomo yake ilikuwa ingali imefumba. Ilifumbuka baada ya kitambo kidogo, ikaumba maneno pasipo sauti, na wote wakayasoma bila taabu: Mpya kabisa, dada.

Mjomba alikoroga chai yake. Mke aliendelea kupanga plagi ndani ya boksi. Walikwisha kuizoea hali hiyo, kama watu wanavyomzoea mgonjwa wa kikohozi.

Ilianza siku ya ajali. Katika injini ya basi lile, mkanda wa taimingi ndio unaozipa pistoni na valvu zamu zao, moja ikipanda nyingine iwe imekwisha kupisha njia, na roda ndiyo inayoukaza mkanda usilegee. Beringi ya roda ilipokwisha, mkanda ulilegea ukaruka meno, pistoni zikazigonga valvu, na injini ikazima katikati ya mteremko, watoto wakiimba. Usukani ukawa mzito kama kinu. Breki zikawa ngumu, hazikanyagiki. Dada mtu aliliegemeza basi kwenye ukuta wa mawe hadi likasimama, na ukuta ukaubonyeza mlango alioegemea msimamizi. Dakika hiyohiyo, huku gerejini, sauti ya mwenye gereji iliruka mbele ya midomo yake, na haikurudi nyuma tena. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni zima. Tangu hapo sauti ilitoka kabla mwenyewe hajaipangia la kusema, na midomo ikafuata na lile alilolipanga. Kwenye simu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu wateja hawakuiona midomo. Baadhi walidhani anawatania, wakacheka, wakaleta magari.

Marehemu baba yao ndiye aliyeanzisha kipimo cha kidole. Mkanda ulipobadilishwa, aliizungusha roda ya zamani kwa kidole karibu na sikio. Iliponyamaza, aliirudisha mahali pake. "Kisicholia hakijafa," alisema, na mwanawe alirithi gereji, msemo na kidole. Lakini roda iliyochoka huweza kunyamaza ikiwa baridi mkononi. Hulia ikishapata moto, na wakati huo imo ndani ya injini, na injini iko njiani. Dada mtu aliyasema hayo kabla ya ajali. Alijibiwa kwamba ashike usukani, spana awaachie wenyewe.

"Fungueni injini," alisema sasa. "Wekeni roda mpya. Kesho alfajiri sitawashusha watoto wa watu mteremko ule na chuma kilichokwisha."

"Injini imefungwa jana, dada," alisema fundi. "Kama mteremko unakutisha, nunua punda. Hana taimingi."

"Punda angekuwa na akili ya kukataa kazi yako."

"Wifi, heshima," mke alisema bila kuinua macho. "Kaka yangu alilala chini ya basi lako siku nzima."

"Msimamizi naye amelala. Nenda kamtazame, umpelekee na salamu za kaka yako."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Wanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Mkanda ni mpya au si mpya?"

"Mkanda ni mpya," sauti ya mwenye gereji ilisema. "Roda ndiyo iliyokwisha. Niliisikia inakwaruza, nikasema hewala, itafika mwisho wa muhula."

Midomo ilifuata, ikisema kwamba hapakuwa na dosari yoyote. Mjomba aliitazama mpaka ilipomaliza, kwa adabu, kisha akamgeukia dada mtu.

"Basi, mama, umemsikia. Amekubali kosa. Sasa msamehe, kazi iendelee."

"Nimsamehe kisha niwashe?"

"Ndiyo maana ya kuendelea."

Dada mtu alitoa funguo za basi mfukoni, akaziweka mezani mbele ya kaka yake. Alisema hataliendesha, na kwamba jioni hiyo atawapitia wazazi wa watoto nyumba kwa nyumba.

"Utawaambia nini?" aliuliza mke. "Kwamba mume wangu husema kabla ya kufumbua mdomo?"

"Nitawaambia alichosema."

"Wanajua," alisema mke, akalifunga boksi la plagi. "Walimpigia simu jana, akawaeleza kila kitu. Wakauliza basi litakuwa tayari lini."

Dada mtu alimtazama mjomba. Mjomba alitazama chai. Nje, mtu alikuwa akijaribu kuwasha gari, nalo halikutaka.

Mwenye gereji alisimama, akajifuta mikono kwa tambara, akazichukua funguo. Sauti ilitoka, na midomo ilipofuata nyuma yake iliumba maneno yaleyale, neno kwa neno, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ajali.

"Nimeamua hivi. Injini haifunguliwi. Basi litatoka kesho alfajiri kama lilivyo, na shemeji ndiye atakayeliendesha, kwa kuwa yeye hauogopi mteremko. Dada, ukitaka kazi utarudi kuosha magari. Na wateja, kuanzia kesho, watazungumza na mke wangu."