Wafalme Watatu wa Fundi Saa

Fundi saa alipostaafu na kufiwa na mkewe, nyumba ilikuwa kimya mpaka akaanza kumjibu mtangazaji wa redio. Ndiyo maana kila mchana alikuwa kasino, kwenye meza ya poka isiyo na kikomo, ambako ukiamua unasukuma kila ulicho nacho kwa mkupuo mmoja. Watu walisema mzee ana tamaa. Tamaa gani! Alitaka watu wa kukaa nao tu.

Siku hiyo wachezaji waliondoka mmoja mmoja, akabaki yeye na dereva wa lori, mcheshi ambaye kicheko chake kilitikisa meza. Dereva akasukuma sarafu zake zote za plastiki katikati. "Haya babu, kufa kupona!"

Fundi saa alichungulia karata zake. Ukijumlisha na zile za mezani, alikuwa na wafalme watatu, na jasho la dereva lilishamwambia kwamba mwenzake hana kitu. Lakini akimla zote, huyu naye ataondoka. Akazifunika karata, akamrudishia mgawaji karata wa kasino.

"Umenishinda, mwanangu. Tuendelee."

Dereva akaruka kwa furaha, akakomba sarafu zote. "Tuendelee wapi, babu? Mimi huyo, nakwenda kuwachukua watoto shule!"

Kiti chake kilikuwa bado kinazunguka mgawaji alipouliza, "Kwani ulikuwa na nini, babu?"

"Sikuwa na kitu. Gawa karata."

Mgawaji akavitazama viti vitupu. "Nimgawie nani?"