Kodi ya Mgeni

Frauke Janssen alishuka feri Jumanne, na kabla hajavua koti Gesche, mwenye nyumba ya wageni, alimwekea risiti mezani: chumba cha darini siku kumi, na chini yake mstari mmoja zaidi. Kodi ya wageni, siku kumi, yuro thelathini na tano.

"Mgeni nani?" Frauke aliuliza.

"Wewe. Unaishi Hannover."

"Gesche, mimi na wewe tulikojoa pamoja nyuma ya mnara wa taa!"

"Manispaa haina fomu ya hilo," alisema Gesche, na akamkabidhi kadi ya mgeni, yenye picha ya sili, yule mnyama wa baharini, anayecheka.

Alilipa. Pesa yenyewe angewatupia ndege shakwe. Kilichomuuma ni ile kadi. Alizaliwa kisiwa hiki, akaenda shule hapa, akazika wazazi wote wawili hapa, na sasa kila akitaka kushuka ufukweni lazima amwonyeshe mlinzi sili anayecheka.

Ijumaa asubuhi uvumilivu ulimwishia, akaenda ofisi ya wageni. Karani, kijana mpole aitwaye Tammo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuzaliwa hapa hakusaidii, mama," alisema. "Wanaosamehewa ni ndugu wa damu wa mkazi, wakiwa wamekuja kumtembelea. Ukishalipa unarudishiwa, mradi mkazi mwenyewe aweke sahihi. Una ndugu kisiwani?"

Frauke aliiweka ile kadi mezani.

"Nina kaka," alisema. "Lete hiyo fomu."

Alikuwa hajasema na Onno miaka minne. Mama yao alipozidiwa, Onno hakupiga simu. Alidai baadaye kwamba hakutaka kumsumbua Frauke kazini. Siku ya mazishi Frauke alimwambia mbele ya watu wote, vikombe vya chai mikononi mwao, kwamba hana moyo. Onno aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo, na tangu siku hiyo kimya.

Njia nzima Frauke alijiambia kwamba anafuata sahihi tu. Mlangoni ndipo alipoujua ukweli. Kama kaka yake atakataa, basi ile kadi inasema kweli.

Onno alifungua. Alikuwa amezeeka.

"Ingia, upepo," alisema.

Alimmiminia chai bila kuuliza, sukari ya mawe kwanza, kisha akatandaza fomu mezani na kuvaa miwani. Huyu alikuwa msimamizi wa tuta la bahari, lile linalozuia maji yasiingie kisiwani, miaka arobaini, na hakuwahi kuandika kwamba tuta ni zima kabla hajalitembea lote kwa miguu. Alisoma kila mstari. Alipomaliza akarudia mwanzo.

"Onno, ni sahihi tu. Si hati ya nyumba."

"Hapa pameandikwa, 'amelala nyumbani kwangu bila malipo.'" Aliweka kidole penye maneno. "Umelala kwangu?"

"Unajua nimelala kwa Gesche."

"Basi siwezi."

"Nani atakuja kukagua vitanda?"

"Mimi siidanganyi manispaa."

Frauke alihisi uso unawaka. Miaka minne, na hiki ndicho alichomwekea! Alitia kijiko ndani ya kikombe, jambo ambalo hapo kisiwani ni kusema imetosha, usinimiminie tena, akasimama.

"Sawa. Mgeni anakwenda zake."

"Umebakiza siku ngapi?"

"Saba. Yakuhusu nini?"

Onno alichukua kalamu. Penye 'kuanzia tarehe' akaandika ya leo, kwa mwandiko wake ule wa shule, herufi moja moja. Penye 'hadi' akahesabu kwa vidole, akaandika ya Ijumaa ijayo. Penye 'uhusiano' akaandika dada, na chini kabisa akaweka sahihi.

"Hizo tatu za nyuma hawakurudishii," alisema. "Ulilala kwa Gesche. Lakini hizi saba ni halali, ukilala hapa. Kalete begi."

Frauke alibaki ameshika mkono wa kiti.

"Nilale wapi?"

"Chumba cha mama." Onno alivua miwani, akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi. "Kile kina baridi sana, wajua. Inachukua siku kadhaa kupata joto. Nimewasha hita tangu Jumanne."

Frauke alikaa tena. Alilia kidogo, bila kujificha, na Onno akatazama pembeni kwa adabu. Kisha Frauke alikitoa kijiko, akakisogeza kikombe chake karibu na birika.