Machozi ya Mvuvi

Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Uongo. Nyumbani kwa Mama Menodora, hapo mjini Smirna, asiyekuwepo ndiye aliyejaa chumba kizima. Pale ukutani alipozoea kuegemea Glikoni na kigugumizi chake hapakaliwi tena na mtu, tangu alipokataa kumchomea ubani Kaisari kama mungu, akauawa uwanjani. Zosimo mtia rangi nguo, aliyekamatwa pamoja naye, aliuchoma ule ubani, akarudi kwake kula dengu.

Amia, dada yake Glikoni, ndiye msimulizi wa kusanyiko. Habari za Bwana amezishika kichwani, na kila aliyemo kisani humpa sauti yake. Alfajiri hiyo Zosimo aliomba kisa kilekile anachoomba kila Jumapili: mvuvi aliyemkana Bwana.

Amia alipofika pale kijakazi anapomnyooshea mvuvi kidole penye moto, watu wakazomea kama kawaida yao.

"Mbea huyo!"

"Rudi jikoni, we mtumwa!"

Wakacheka. Kwao kijakazi alikuwa mchongezi tu, na mvuvi ni ndugu yao, maskini, aliyeteleza.

Amia akamkazia macho Zosimo. "Wewe si ulikuwa naye? Ni-nilikuona."

Kicheko kikakatika. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kijakazi. Ilikuwa nzito, yenye kigugumizi, na kila mtu mle ndani aliijua. Amia mwenyewe alishtuka, lakini akaendelea kusimulia. Mvuvi akakana, akakana tena, akakana mara ya mwisho. Jogoo akawika. Hapo Amia akafunga mdomo.

Huko nje, jogoo wa jirani akajibu.

"Endelea, dada," Zosimo akasema. "Bado machozi."

"Machozi gani?"

"Mvuvi alilia! Hata watoto wanajua alilia."

"Alilia mwenyewe, huko nje, peke yake. Wewe kila Jumapili unataka nikulilie mimi, halafu hawa wakupigepige bega."

Zosimo akainuka. Alipofika pale ukutani alikusanya vazi lake, akapita kwa kunyata, kama mtu anayeogopa kukanyaga miguu ya aliyeketi.

Mlango ulipofungwa, Mama Menodora akashusha pumzi. "Binti yangu, kisa umekikata. Mfuate ndugu yako, umwombe radhi."

"Ndugu yangu yuko pale ukutani, mama."

"Amia!"

"Simwombi."