Kitambaa cha Kasmiri

Kaka yangu Kasmiri hana haya, na hata mbele yake nasema. Ni ndugu yangu wa toka nitoke, lakini alichokifanya sikimezi.

Baba yetu, mzee Mabula, aliyetuzaa uzeeni, ujanani alichochea kuni kwenye meli ya Mwingereza, vita vya Mjerumani vilipofika ziwani. Alifariki bila kupigwa picha hata moja. Kasmiri ndiye aliyemchora kwa rangi za maji, kama mzee mwenyewe alivyokuwa akisimulia: meli mbili zinarushiana mizinga, moshi umetanda, na mbele kabisa, kifua wazi, baba kashika gogo. Uso ule ulikuwa wake, jamani, hadi kovu la kwenye nyusi. Kila asubuhi mama aliiamkia picha ukutani, "Mwangaluka, baba Kasmiri," ndipo achukue jembe.

Kisha soko huria likatufikia Bariadi. Kinu cha ushirika, alikokuwa Kasmiri akichora alama kwenye marobota ya pamba, kikafungwa. Akabaki nyumbani anang'ata kucha. Ndipo akaja Januarius na pikapu lake, mnunuzi wa pamba, eti sasa ananunua na picha za kupamba hoteli Mwanza.

Akaitazama ya baba. "Meli safi. Ila huyu mtu wa kuni ananiharibia. Wageni wanataka mizinga na bendera. Mtoe, kesho naichukua."

"Kasmiri, usithubutu," nikamwambia. "Mama ana nini kingine?"

"Kwani mama anakula picha?"

Akangoja mama aende shambani, akalowesha kitambaa, akamsugua baba. Tena akaanzia usoni! Rangi za maji hazina ubishi, zikatoka zote. Alipotaka kuchora mzinga pale pale, karatasi ikachubuka.

Januarius alipokuja akaigeuzageuza, akaguna. "Imechubuka hii. Nitamwonyesha nani?" Akawasha gari, huyoo, akaenda zake Malampaka kununua pamba.

Jioni mama akarudi kutoka shambani. Aliitazama picha, akakitazama kitambaa kwenye kamba, kimeshika rangi ya mwili wa baba. Kasmiri alikuwa amejiinamia.

Asubuhi tukakuta picha iko chini, imegeuziwa ukutani. Kwenye msumari kinaning'inia kile kitambaa, na mama kasimama mbele yake.

"Mwangaluka, baba Kasmiri."

Kasmiri naye akamwamkia mama. Mama akachukua jembe, akampita. Mpaka leo anakiamkia kitambaa, mwanawe hamjibu.